Ukuta Niliounywesha Maji

Jumatatu, 3 Machi. Mwaka wa thelathini na moja ugenini.

Mtaa wa nyuma una nyumba zilizokaa tupu mpaka nyasi zikaota juu ya paa. Sasa shirika moja linazikarabati ili litupangishe sisi wa kipato kidogo. Sharti: kila mwombaji ahudhurie mafunzo. Kuziba bomba linalovuja, kupiga plasta, kupanga matumizi, kuishi na majirani. Mimi, niliyezeeka ndani ya maktaba, nifundishwe kuishi na majirani!

Nimekwenda kwa sababu ya nyumba ya pembeni. Ina dirisha la jua la asubuhi na ukuta mrefu wa kutosha vitabu vyangu vyote, ambavyo mpaka leo vimo kwenye maboksi chini ya kitanda.

Kikwazo: Mama Cherehani. Mshonaji, mjane, mtu wa kwetu. Tulikimbia kwetu mwaka uleule. Naye anaitaka nyumba hiyo hiyo. Eti apate mwanga wa kutunga uzi.

Jumatano, 5 Machi.

Mpango. Niliwahi nyumba ya pembeni kabla ya darasa, nikaumwagia ule ukuta mrefu ndoo ya maji. Mama Cherehani alipoingia nikamweleza kwa huruma kwamba nyumba hii, dada yangu, ina unyevu, itamwozeshea vitambaa. Akaugusa ukuta, akaguna. Akasema nina roho nzuri, shemeji. Ushemeji umetoka wapi, sijui.

Ijumaa, 7 Machi.

Nimemwaga tena. Balaa. Fundi mkuu kauona. Alitafuta bomba lililopasuka asubuhi nzima, hakulipata. Akasema ni ajabu, maji haya yanaanzia kwenye kimo cha kifua cha mtu. Akanitazama kifuani. Kisha akabandua plasta yote, akatangaza kwamba somo la kupiga plasta litafanyika hapo hapo, na mzee aliyegundua unyevu ndiye atakayeanza.

Jumatatu, 10 Machi.

Mgongo umekufa. Nusu ya plasta yangu iko ukutani, nusu iko ndani ya viatu. Palipobaki pametuna. Fundi kaniuliza ukuta una mimba ya miezi mingapi. Darasa zima likacheka, na Mama Cherehani ndiye aliyechelewa kunyamaza.

Alhamisi, 13 Machi.

Siku ya kamati. Mlangoni Mama Cherehani akaninong'oneza kwamba amejitoa, amechukua nyumba ya jirani. Eti ukuta ule hautakauka maadamu mimi niko hai. Nikaingia kifua mbele.

Mwalimu wa mafunzo akasema ana shaka moja. Nyumba hizi hupewa mtu wa kukaa. Nami tangu siku ya kwanza nimemtangazia kila mtu kwamba mwakani narudi kwetu. Akamuuliza mtu wa kwetu kama ni kweli. Mama Cherehani akajibu kuwa ni kweli kabisa, huyu anarudi mwakani, na amekuwa akirudi mwakani tangu sote wawili tukiwa na meno.

Kamati ikacheka. Mwalimu hakucheka. Akauliza: mzee, unakaa au unaondoka?

Nikauona akilini mlango wa nyumba ya baba kule kwetu, rangi ya kijani, kitasa kilicholegea. Mpwa wangu alishanipigia simu zamani: pale sasa ni kituo cha mafuta. Sikuwahi kumwambia mtu.

Nikasema nakaa. Sauti ilitoka ndogo. Mama Cherehani akawa anatazama viatu vyake.

Jumapili, 16 Machi.

Funguo ninazo. Vitabu vimepangwa, jua linavipiga migongoni. Raha tupu.

Ila nimegundua kwamba nyumba ya Mama Cherehani ina kibaraza chenye kivuli. Mahali pa kusomea hasa. Nimekwishaomba kwa seremala mfuko wa vumbi la mbao. Kesho alfajiri nitalinyunyiza chini ya nguzo zake, kisha nitamweleza, kwa huruma, habari za mchwa.

Jioni amepita dirishani. Akauliza, kwa mazoea tu, kama mwakani nasafiri. Nimemwambia hapana. Kwetu sirudi.