Katuni Imenitolea Ushahidi kwa Shangazi wa Paskalina

Leo nimeumbuliwa na katuni. Ndiyo, katuni, ile michoro inayotembea na kutukanana. Na aliyeitia maneno ya Kiswahili ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu huu.

Nianze mwanzo, maana najua mtaniuliza.

Hapa Karatu nina kibanda cha kutengeneza simu na kuingizia watu filamu kwenye flashi. Miezi michache iliyopita nikapata katuni moja ya kigeni, ya watu wazima. Ni familia mbili zilizotenganishwa na ua. Wanagombania ua, wanachunguliana madirishani, wake wanawasema waume zao mambo ya chumbani bila haya. Kiingereza chake kinakimbia kama gari la watalii linalowahi lango la Ngorongoro kabla halijafungwa. Nikasema, hii nikiitia Kiswahili watu watavunjika mbavu. Nikajifunika blanketi na simu yangu (hiyo ndiyo studio, msicheke bado), nikaanza kuongea.

Shida ikawa moja. Sijui kuigiza watu nisiowajua. Basi nikaangalia nilipo.

Nimepanga chumba katikati ya nyumba mbili. Kushoto kuna Baba Neema, Mwiraqw wa hapahapa, aliyewahi kukaa baraza la kata, na tangu siku hiyo kila sentensi yake inaanza na "kisheria". Kisheria chai hii haina sukari. Kisheria kuku huyu ametaga kwangu. Kila asubuhi anahesabu hatua kando ya ua wake wa michongoma ahakikishe haujasogea. Kulia kuna Mama Zuhura, wa kwetu Singida, anauza vitunguu vya Mang'ola, na umbea wake wote unaanza na "Mimi simo, ila..." Akimaliza hiyo ila, mtaa mzima umo.

Kwa hiyo yule baba mnene wa kwenye katuni nikampa sauti ya Baba Neema. Yule mama mwembamba wa ng'ambo ya ua nikampa ya Mama Zuhura. Mimi nikajiita Dijei Michongoma ili nisijulikane. Nikaitupa kwenye magrupu.

Jamani, ilipendwa! Watu wakawa wanaandika usiku na mchana. Dereva mmoja kasema huyo mnene ni jirani yake kabisa, hata kitambi. Mfugaji mmoja wa kule Samunge akatuma sauti ndefu, anataka kujua nani amemweleza Dijei habari za wifi yake. Mama mmoja wa Endabash akaandika, "Namfahamu huyu mwanamke, anakaa nyuma ya kanisa letu." Meseji zaidi ya mia nimesoma. Hakuna hata mmoja aliyeandika "huyu ni mimi". Kila mtu kamwona jirani yake. Nikajiona fundi kwelikweli.

Sasa njooni kwenye jambo lenyewe. Mimi nataka kuoa. Anaitwa Paskalina, kwao Endabash, na nampenda mpaka nimeacha kuvuta sigara. Kwao hawafungui barua ya posa kabla mwombaji hajachunguzwa, na kwa kuwa wazazi wangu wako mbali Singida, wanaoulizwa ni majirani. Anayetumwa kuuliza ni shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake. Huyo mama akirudi na neno baya, barua inarudi na bahasha yake ilivyobandikwa. Ameshawarudisha wawili kwenye ukoo huo. Mmoja alikuwa mwalimu!

Shangazi alisema atakuja wiki hii, siku hakusema. (Hapo ndipo penye ujanja wake.) Wiki nzima nikawa mtakatifu. Nilimrudishia Baba Neema jembe lake nililokaa nalo tangu kilimo. Nilimbebea Mama Zuhura magunia mpaka kiuno kikagoma. Nilisalimia hata mbwa.

Leo saa nane mchana, shangazi huyo. Mama mrefu, mkavu, kitenge kimefungwa kikakaa, dumu la maziwa mgando mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye Daudi? Mbona mwembamba? Unakula wapi?"

Swali la kwanza tu, jamani.

Chumba changu kina kiti kimoja, na hicho kimoja kina miguu mitatu. Mama Zuhura akatukaribisha sebuleni kwake. Baba Neema akaja na shati la kanisani, akasalimiana na shangazi kwa Kiiraqw, wakaongea dakika tano nzima. Mimi Kiiraqw changu kinaishia kwenye salamu. Nikasikia tu "Daudi" katikati, wote wakanitazama, kisha wakaendelea. Jasho likanitoka mpaka kwenye magoti.

Chai ikaja, maandazi yakaja. Shangazi bado hajauliza kitu. Akawa anapuliza chai yake taratibu. Kimya kikamshinda Mama Zuhura, maana yeye na kimya hawajawahi kuelewana.

"Ngoja niwawekee katuni mcheke kidogo," akasema. "Kaka yangu kanipa flashi huko Mang'ola. Wapakia vitunguu wote wanaangalia hiyo hiyo."

Andazi likanikwama.

"Katuni si za watoto?" shangazi akauliza.

"Hii ya wakubwa, dada." Akawafukuza watoto wote wakacheze nje.

"Mama Zuhura, tuweke kwaya!" nikasema. "Au taarifa ya habari! Shangazi atapenda kujua dunia inaendaje!"

"Wewe kula andazi lako."

Nikaomba umeme ukatike. Wiki hii umeme umekatika kila siku, mara ya mwisho nikiwa nimeshika simu ya mteja ambayo nimeifungua yote. Leo uliwaka mweupe kama wa ukumbi wa harusi. Picha safi, sauti safi. Sauti yangu!

Anatokea baba mnene, anatembea kando ya ua akihesabu hatua. "Kisheria, ua huu umeingia kwangu unyayo mmoja!"

Nikafumba macho nikisubiri Baba Neema aniinukie. Nikasikia kicheko. Nikafumbua jicho moja. Baba Neema amejishika tumbo, chai inamwagika kwenye shati la kanisani.

"Mama Zuhura! Huyu si yule mzee wa pale mashine ya kusaga? Ni yeye! Kisheria anaweza hata kushtaki!"

Anatokea mama mwembamba, kidevu juu ya ua. "Mimi simo, ila mume wa jirani jana alilala sebuleni."

Mama Zuhura akapiga paja. "Wapo! Wanawake wa hivi wapo! Mimi simo, ila kuna mmoja pale sokoni, siku hizi hata..." Akamtaja, akamaliza, akanywa chai.

Sikuamini. Hawajitambui! Nikaanza kupumua. Nikachukua andazi la pili, nikacheka na mimi, tena kwa sauti. Ikaja sehemu baba mnene anambusu mke wake shingoni na mke anamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa (niliyatunga mimi, Mungu anisamehe). Sote tukaangalia dari kwa heshima mpaka ikapita. Nikasema nimevuka.

Shangazi alikuwa hajacheka hata mara moja. Alikuwa anatazama ile runinga kama mtu anayekagua ng'ombe kabla hajamnunua.

"Na huyu wa katikati ni nani?" akauliza.

Kwenye ile katuni kuna kijana mmoja kapanga chumba cha uani, katikati ya zile nyumba mbili. Si mtu wa maana. Anatokea popote chungu kinapoinjikwa, anakula, kisha anapeleka maneno nyumba ya pili. Mimi sikumpa sauti ya mtu. Nilikuwa nimechoka, blanketi lina joto, nikamsemea tu kwa sauti yangu ya kila siku.

"Huyo?" wakasema wote wawili, kwa pamoja, kwa furaha. "Huyo si Daudi!"

Wakaanza. Wala hawakuwa na ubaya, ndilo linaloniuma. Walikuwa wanamchangamsha mgeni.

"Makande yakiiva tu, huyo mlangoni," akasema Mama Zuhura. "Eti kaja kurudisha mfuniko. Mfuniko mmoja, dada, anaurudisha mwezi mzima!"

"Jembe langu alikaa nalo tangu kilimo," akasema Baba Neema. "Kisheria lilishakuwa lake."

"Nikimwambia neno saa nne, saa tano Baba Neema ananiuliza."

"Na mimi nikimwambia, wewe unajua kabla sijafika nyumbani!"

"Sikiliza, hata anavyocheka! Sikiliza!"

Kwenye runinga yule kijana akacheka. Hee hee hee. Ni mimi. Hakuna mganga angeweza kulikana lile hee hee hee.

Nikamwona Paskalina anaondoka hivi hivi mbele ya macho yangu. Uchungu ukanipanda. Nikasimama, andazi mkononi, nikapaza sauti:

"Lakini huyo wa katikati sikumlenga mtu! Niliowaigiza ni ninyi wawili tu!"

Nilisikia maneno yakitoka na sikuweza kuyarudisha. Wote wakanigeukia. Hata kuku aliyekuwa mlangoni alisimama.

Baba Neema akaweka kikombe chini polepole. Akanitazama, akatazama runinga. "Kisheria," akasema, "mimi siongei hivyo."

Na kwenye runinga, sekunde hiyo hiyo, baba mnene akajibu: "Kisheria, mimi sijasema kitu!"

Mama Zuhura akavuta kanga yake. "Mimi simo," akasema, "ila huyu kijana ni nyoka."

Hapo ndipo shangazi alipocheka. Alicheka mpaka machozi, mpaka akavua viatu. Kila akimtazama Baba Neema anaanza upya. Mimi nimesimama tu na andazi langu.

Akajifuta, akachukua simu, akampigia kaka yake Endabash, yaani baba yake Paskalina. Akafungulia spika, kwa sababu simu hataki kuiweka sikioni.

"Nipo kwa majirani," akasema. "Kwingine kote huwa wananifichia, wananiambia kijana mzuri, anasali. Leo sijauliza hata swali juu yake, wamenimwagia yote. Ni mlaji. Kurudisha vitu vya watu ni mzito. Mdomo wake hauna kitasa."

"Mlevi?" sauti ya mzee ikauliza.

"Hapana."

"Mkali? Atampiga mtoto wangu?"

"Huyu? Anatetemeka hapa na andazi."

"Na ni kitu gani hicho kinaongea hapo nyuma?"

"Katuni. Maneno kayatia kijana huyo huyo," shangazi akasema, akaisogeza simu kwenye runinga. Mzee akasikiliza. Baba mnene akagomba kuhusu ua wake, mama mwembamba akasema hayumo. Kutoka Endabash kikaja kicheko kizito.

"Dada! Huyo si jirani yangu wa kule mtoni? Ni yeye mtupu! Nani kamwambia huyo kijana habari zake?"

Akacheka tena, akakohoa. Kisha akasema:

"Barua ije. Kuoa aoe. Ila wakajenge mbali, hata Mang'ola huko. Kuwa mkwe wangu nakubali. Kuwa jirani yangu, sitaki."

Baba Neema akaitikia palepale, kwa sauti ya baraza, kwamba kisheria huo ni uamuzi wa haki.

Basi jamani, nimepata mke, na nimefukuzwa kijiji ambacho hata sijahamia. Naomba mtu asicheke, hasa kama anakaa karibu na kwangu.