Pete, Karabai na Paka wa Rusimbi

Jumatatu, 14 Julai 1997

Leo nimeamua kuoa. Kwa nini nisioe? Sura ninayo. Akili ninayo, ya darasa la saba na nusu ya kidato cha kwanza; hiyo nusu nyingine walimu walinionea wivu. Baiskeli ninayo, tena yenye dinamo. Kilichobaki ni mke tu.

Mke nimeshamchagua. Armelle. Anashona nguo barazani kwa shangazi yake, hapa hapa Rusimbi. Walikuja kutoka Burundi wakati wa vurugu, yeye na shangazi peke yao. Nikipita nikamtania, anacheka mpaka uzi unamkatikia mashineni. Msichana akikatikiwa na uzi kwa ajili yako, hiyo si ishara? Ni ishara!

Tatizo ni Oswald. Karani wa vifurushi stesheni. Suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Naye anamtaka Armelle. Hatanii, hachekeshi, anapita tu na "habari za kazi" yake. Mtu wa hivyo anataka mke wa nini?

Jioni nikaenda kwa shangazi, Mama Inamahoro. Nikapiga shikamoo ndefu, nikatangaza nia. Kumbe Oswald alishatangaza asubuhi! Shangazi akasema hana ubaya na yeyote. Twende wote wawili Jumapili baada ya misa, kila mtu na pete yake. Pete yenye jiwe la kweli. Mwenye la kweli ndiye atakayeongea naye habari za mahari.

Nikauliza kwa nini pete, tusianze na mbuzi kama watu wengine. Akasema usiku ule walipokimbia, mbuzi walibaki. Sufuria zilibaki. Nyumba ilibaki. Pete iliyokuwa kidoleni kwake ndiyo iliyowalipia boti. "Mume anaweza kubaki nyuma, mwanangu. Pete unakimbia nayo."

Armelle, aliyekuwa mashineni akitusikiliza, hakucheka. Naye alikuwa ndani ya boti ile. Na mimi sikucheka. Nikafika mpaka njia panda bila kucheka.

Jumanne, 15 Julai

Kigoma mjini, kwa sonara. Duka dogo, lakini ndani! Balbu tatu kubwa zimening'inia juu ya meza, kioo nyuma, kitambaa cheusi chini. Ukiingia, anaziwasha. Hapo hapo nikaiona. Jiwe kubwa kama punje ya hindi. Nikaivaa, nikazungusha kidole: cheche! Nikazungusha tena: cheche! Kama fundi anayechomelea geti.

Nikamwuliza sonara kama ni almasi. Akaniuliza, kijana, wewe unaonaje? Nikasema naona ni almasi. Akasema basi, macho ni yako. Mtu mkweli sana. Hakunishawishi hata kidogo.

Mara umeme ukakatika. Sonara akaifunika pete kwa kitambaa upesi kuliko mama anavyofunika mtoto mchanga. Nikamwomba tuitazame mlangoni, kwenye mwanga wa nje. Akasema hapana, nirudi umeme ukirudi. Nimeipenda heshima yake. Vitu vya thamani havitolewi tolewi nje.

Jumatano, 16 Julai

Mjomba Telesphory, huyu ninayeishi kwake, ana kawaida ya kuniharibia furaha. Amesema nisinunue kitu cha kwanza nilichokiona. Akanituma Ujiji kwa mzee mmoja, Kasongo, aliyevuka ziwa kutoka Kongo mwaka jana vita ilipoanza. Huko kwao alikuwa anakata mawe. Alipokimbia alishona machache kwenye pindo la koti, sasa anauza moja moja.

Nikamkuta amekaa kibarazani, kivulini. Hana balbu. Hana kioo. Hana hata meza! Akafungua kitambaa kama anatoa ugoro. Ndani, kipete chembamba chenye jiwe kama mbegu ya nyanya. Nikajizuia kucheka, nikashindwa.

Mzee akaanza kunifundisha. "Hii jiwe iko na tumbo ya kipimo. Mwangaza inaingia huku juu, inagonga chini, inarudi tena juu kwa macho yako. Wakikata tumbo nyembamba sana, mwangaza inavuja chini sawa ndoo ya kutoboka." Eti ubora haupo kwenye ukubwa wala kwenye taa, upo kwenye mkato. Nikainama vizuri nitazame huo mkato. Nikaweka uso karibu kabisa. Jiwe likawa jeusi ti! Nikamwambia mzee, hili ni kaa la moto, tena lililozimika.

Akakasirika. Toa kichwa! Kichwa yako inafunga mwangaza! Mimi natukanwa kichwa, na mteja ni mimi! Nikaondoka bila kuaga.

Saa nane nilikuwa kwa sonara. Umeme upo, balbu zinawaka, jiwe linanikonyeza. Tukaelewana haraka. Yeye amechukua baiskeli, mimi nimechukua pete. Nimerudi Rusimbi kwa miguu. Sijachoka. Tajiri hachoki.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nimefanya kazi ya kichwa. Hicho hicho alichokitukana Kasongo.

Nimemfuata Oswald stesheni. Nikajifanya mnyonge. Nikamwambia, ndugu yangu, mimi nimeshindwa, sina uwezo, lakini wewe nenda Ujiji kwa mzee Kasongo, ana pete ya hatari. Akanishukuru! Akaandika jina la Kasongo kwenye karatasi kwa ile kalamu yake ya mfukoni, akaniuliza kama "Kasongo" ni kwa S moja. Nikamwambia ndiyo, bosi wangu.

Nikatoka pale nacheka peke yangu mpaka mama muuza ndizi akauliza kama nina malaria. Oswald na mbegu yake ya nyanya mbele ya punje yangu ya hindi! Nimemwonea huruma. Kidogo tu.

Ijumaa, 18 Julai

Mambo mabaya.

Asubuhi nimeitoa pete nje niifurahie. Imelala. Haina cheche. Imetulia kama jicho la samaki wa juzi. Nimeisugua kwa shati. Nimeiosha kwa sabuni. Nimeipulizia pumzi, nikaibembeleza. Wapi! Nikadhani labda imechoka na safari ya kutoka mjini.

Jioni nikashuka ufukweni. Siku hizi kuna mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo boti zimepumzika. Mjomba alikuwa anakarabati karabai zake. Akapiga pampu, karabai ikanguruma, ikawaka nyeupe. Na kidoleni kwangu, cheche!

Nikaelewa yote. Jiwe langu si bovu. Jiwe langu linachagua taa! Nikampa mjomba mpango wangu. Dagaa wa ziwa zima hili wanakuja kwenye karabai wenyewe, wanaingia wavuni bila kusukumwa. Shangazi wa mtu ni nani asije?

Mjomba akasema dagaa hawachagui mkwe. Lakini amekubali kuja Jumapili kama mshenga wangu, na karabai nibebe mwenyewe.

Jumapili, 20 Julai

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine umekwaruzwa.

Nilifika kwa shangazi mapema, kabla Oswald hajamaliza kupiga pasi. Nikafunga madirisha yote. Shangazi akauliza kulikoni. Nikasema majirani wana wivu, jambo la heri halitazamwi na macho ya barabarani. Nikaweka karabai mezani, nikapiga pampu mpaka bega likauma. Chumba kikawa cheupe. Kikawa na joto pia, jua la saa sita nje na karabai ndani, lakini mapenzi ni moto.

Watu wakakaa. Shangazi, mama wawili watatu wa kanisani, Armelle amevaa gauni alilolishona mwenyewe. Mjomba kwa upande wangu. Oswald akaja na baba yake, wote wana jasho na pasi.

Ya Oswald ikatolewa kwanza. Ilimeta, sikatai. Kimulimuli mbele ya mwenge. Kisha nikatoa yangu, nikaiweka karibu kabisa na kioo cha karabai. Ilivyowaka! Hadi kwenye dari! Akina mama wakapiga vigelegele vyao vya Kirundi, vile virefu. Nikamtazama Oswald. Nikamkonyeza. Nikaanza kuwaza majina ya watoto.

Hapo ndipo alipoingia paka wa kwanza.

Sikuwa nimefikiria jambo moja. Karabai ile imening'inia juu ya dagaa miaka na miaka. Imekunywa dagaa. Imekuwa dagaa. Ikipata moto ndani ya chumba kilichofungwa, mtaa mzima unajua. Paka wa kwanza akapita chini ya kiti. Wa pili akatokea jikoni. Wa tatu sijui alitoka wapi, dume moja lenye sikio nusu, likanitazama kama linanidai. Nikalifukuza taratibu, kwa tabasamu. Likaruka mezani! Nikalidaka, likanikwaruza, mjomba akashtuka, meza ikatikisika. Utambi wa karabai ukaporomoka kama majivu.

Giza. Joto. Harufu. Paka wanalia.

Shangazi akasema kwa Kirundi chake, "Oya, hapana, tutoke nje." Nikasema hapana mama, nina utambi mwingine, dakika moja tu. Akaniambia, kijana, mimi pete yangu niliitoa usiku, na mwenye boti alikuwa na tochi. Akaizima. Akatuweka kwenye mchanga mpaka kulipopambazuka, huku nyuma risasi tunazisikia. Kisha akaipeleka kwenye kivuli cha boti ndipo akaitazama. Alisema kwenye taa hata chupa iliyovunjika ni malkia. "Basi na mimi nitatazama alivyotazama yeye."

Tukatoka. Kivuli cha jiko. Akaweka yangu kiganjani. Akaisogeza huku na huku. Akamwita Armelle. Armelle akatazama, akasema anaiona mistari yote ya kiganja cha shangazi kupitia kwenye jiwe, hata kovu la kisu. Baba yake Oswald akaomba naye aone. Mwangaza ulikuwa unaingia juu na kutokea chini bila hata kusalimia.

Akaweka ya Oswald. Ile mbegu ya nyanya. Kivulini pale, bila taa, bila kioo, ikatoa cheche nyekundu. Akaisogeza: ya kijani. Akaisogeza tena: nyeupe kali, mama mmoja akajikinga macho. Hakuna kiganja kilichoonekana chini yake. Hakuna kitu kilichovuja.

Sasa mdomo wangu. Kwa nini Mungu aliniumba na mdomo? Nikapiga kelele kwamba pete ile ni yangu, mimi ndiye niliyeiona kwanza, mimi ndiye niliyemtuma huyu kwa Kasongo! Oswald akasimama. Akanyoosha suruali. Akasema mbele ya watu wote kwamba ni kweli, na bila mimi, Feliksi, asingeijua, na kama nitakubali anataka niwe msimamizi wake harusini. Watu wakapiga makofi. Walinipigia mimi! Mjomba naye alipiga.

Nikamfuata Armelle pembeni ya mashine. Nikamwambia mimi je? Vile vicheko vyote? Ule uzi? Akanitazama vizuri, bila dhihaka. "Feliksi, wewe ungenichekesha mpaka kwenye boti. Lakini nauli ingelipwa na nani?"

Nikatafuta mzaha, nikaukosa. Nikabeba karabai. Paka wakanisindikiza mpaka kwa mjomba.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeamka na akili mpya.

Kwanza nilikwenda mjini kudai baiskeli. Nikakutana nayo njiani, sonara amepanda, anapiga kengele. Nikamwambia jiwe lako ni chupa. Akasema hajawahi kusema ni kitu kingine, aliyesema ni mimi, macho ni yangu. Nikatafuta uongo katika maneno yake, sikuuona. Akaondoka. Dinamo bado inafanya kazi.

Wakati wa kurudi nikapitia Ujiji. Kasongo akaniita kwa furaha. Eti nimemletea mteja mzuri, anataka kunishukuru. Ana jiwe lingine, dogo kidogo, kwangu atalitoa kwa siku chache za kumbebea maji. Akafungua kitambaa. Nikainama, nikaweka uso karibu kabisa. Jeusi ti! Mzee akaanza tena habari za kichwa changu. Nikacheka, nikamwacha. Mimi si mtu wa kudanganywa mara mbili.

Nimekaa ufukweni nikatafuta kosa langu lilikuwa wapi. Nimelitafuta kwa haki, bila kujipendelea. Pete haikuwa na kosa, ilipigiwa vigelegele. Karabai haikuwa na kosa. Mpango haukuwa na kosa. Ukirudi nyuma hatua kwa hatua, utaona kila kitu kilikwenda vizuri mpaka walipoingia paka.

Kule Mwamgongo kuna msichana anaitwa Merina. Nilimwona mara moja akianika dagaa, akanicheka nilipoteleza kwenye boti. Hiyo si ishara? Kijiji hakina umeme, watu wake wamezaliwa kwenye karabai na wanaiamini. Boti inaondoka Alhamisi. Pete ninayo. Mjomba amekataa kunipa karabai mbili, amenipa moja.

Nimeshaiosha kwa sabuni. Mara tatu. Nimeiacha uani ikauke, na mpaka sasa amekuja paka mmoja tu.