Shingo ya Pánfila

Jumatatu, 3 Juni
Mji mzima wa Puerto Villamil hauna habari nyingine. Daktari Yadira wa kituo cha kuzalisha kobe anapita kwenye nyumba zenye kobe wa zamani, anachukua damu. Anatafuta ukoo wa kobe wa kisiwa cha Floreana. Kule kobe walikwisha zamani, lakini mabaharia waliowabeba kuwala waliwatupa wengine hapa kisiwani kwetu. Kobe mwenye damu hiyo ataingia kituoni, na jina la familia litaandikwa ubaoni mbele ya watalii. Familia ya Anselmo Gil! Tatizo: ukoo ule una gamba lililobinuka mbele kama tandiko, na shingo ndefu. Kobe wetu Pánfila ni duara kama sufuria iliyofunikwa. Tatizo la pili: ni wa mama mkwe, Doña Hermelinda, aliyemlea tangu utotoni. Lakini mama yuko bara, mjini Guayaquil, anatibiwa macho. Mungu hamtupi mja wake.

Jumanne, 4 Juni
Nimening'iniza juu kipande cha mpungate, mmea wa miiba wanaoupenda kobe, ili Pánfila anyooshe shingo. Shingo ikinyooka, gamba litafuata. Alitazama juu, akalala. Kamba ikakatika, akala. Nimepandisha tena.

Jirani Eliécer alichungulia ukutani, akauliza kama naanika nguo za kobe. Jeuri! Kobe wake Rey ana gamba la tandiko, naye analiringia utadhani alilichonga mwenyewe.

Daktari alisimama langoni kuniambia zamu yangu ni kesho jioni. Akaiona kamba. Ati shingo hairefuki kwa kujikakamua. Ati miaka ya ukame kobe waliozaliwa na gamba lililoinuka waliufikia mpungate, wakaishi, wakazaa, wengine walikufa. Vizazi na vizazi. Nikamwambia mimi nina hadi kesho.

Jumatano, 5 Juni
Akili ni mali! Mchana timu ya taifa ilicheza, mtaa mzima ukawa mbele ya televisheni. Nikatoa mawe ya ukuta, nikampakia Rey kwenye toroli. Toroli ikavunjika. Nikamvuta kwa papai, hatua moja, pumziko refu. Pánfila nikampeleka kwa Eliécer vivyo hivyo. Goli lilifungwa, sikuliona. Mgongo umekwisha.

Jioni daktari alichukua damu ya Rey, akamtia chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Nikaapa kwamba ni wetu tangu enzi za babu. Kisha akaenda kwa Eliécer.

Alhamisi, 6 Juni
Pánfila amegoma kurudi. Kwa Eliécer kuna tope na mapera yanayojidondokea. Eliécer hakuuliza kitu. Kipofu yule!

Ijumaa, 5 Julai
Balaa! Majibu yamesomwa mbele ya watu. Rey ni mchanganyiko wa kawaida. Daktari akasema umbo hudanganya. Gamba la tandiko limezuka visiwa vingi, kwa koo mbalimbali. Ila kobe wa Don Eliécer ana damu ya Floreana tele.

Nikapiga kelele kwamba huyo ni Pánfila wangu, nimewabadilisha! Watu wakavunjika mbavu. Eliécer akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, si mimi niliyeapa kwamba Rey ni wangu tangu enzi za babu? Akaninong'oneza kwamba alama za toroli aliziona siku ileile. Jioni Pánfila akapelekwa kituoni, na ubao ukawekwa.

Jumamosi, 6 Julai
Mama mkwe amerudi, macho mapya. Ameenda kituoni, akamtambua Pánfila kabla hajafika kwenye uzio. Akasoma ubao: Familia ya Eliécer Tupiza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nimepewa macho, Anselmo, nimuone mwanangu nyuma ya uzio wenye jina la mtu mwingine." Kisha akakaa jikoni peke yake. Niliona aibu kweli. Kahawa ilinishinda nusu kikombe.

Jumapili, 7 Julai
Nimelala, nimewaza, nimeelewa kosa langu. Sikumpa Rey muda! Siku moja haitoshi kubadilisha damu. Rey amebaki kwangu, shingo anayo tayari, imebaki damu tu. Nimenunua kamba ngumu. Mpungate uko juu.