Magodoro ya Chumba cha Mama Angeline

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Aibu! Kwaya imesikiliza wimbo niliowarekodia. Hakuna aliyetikisa hata kichwa. Mzee Elisée, mwenyekiti wao, anasema wanasikika kama watu wanaoimba ndani ya bidoni, dumu la maji, tena bidoni lenye nyuki. Nilimweleza kwamba nyuki ni mtindo wa kisasa. Hakucheka.

Hukumu: nina mpaka Jumapili. Sauti isipokuwa safi, wanahamia kwa Anatole, yule Mrundi mwenye studio Rwekubo, kwenye soko la kambi yetu ya wakimbizi. Na anayewaongozea nyimbo ni Sidonie, mke wangu mwenyewe! Sidonie aimbe mu studio ya Anatole, mimi nifiche wapi uso? Afadhali nirudi kulima maharage. Sidonie amenikumbusha kwamba sijawahi kulima maharage.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Vita na nyuki. Nilizima redio, wapo. Nilizima taa, wapo. Nikachomoa chaja kwenye simu ninayorekodia: kimya! Kuichomeka tena, wakafufuka. Basi dawa ni kujaza simu kwanza, kisha kurekodi bila chaja. Lakini chaja yangu inajaza polepole mno. Nimechukua ya Sidonie. Sikumwambia. Mume na mke hawaombani chaja.

Halafu wimbo una P mingi. Kila wakisema "pokea", mikrofoni inapigwa kama mlango. Nimeivalisha soksi. Imetulia. Sidonie aliuliza kama soksi ni safi. Maswali ya watu wasiojua ufundi.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Sidonie amempeleka mama yake, Mama Angeline, kupimwa macho Mbarara. Watalala kwa ndugu kule Ruti. Mungu ananipenda: chumba cha mama mkwe ndicho kikubwa kuliko vyote nyumbani! Niliingia, nikapiga kofi moja. Kofi likanirudia. Kuta tupu, bati juu. Bidoni lenyewe ndilo hili.

Nikashuka Rwekubo kumpeleleza Anatole. Alinikaribisha chai, jambo lililoniudhi sana. Nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari za mvua, mwangwi unaondolewa vipi. Akajibu tu: funika kuta na vitu laini, magodoro ni mazuri. Mjinga huyu! Amenipa siri yake pamoja na chai.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimezunguka kwa majirani kuomba magodoro. Ili habari zisimfikie Anatole, niliongea kwa sauti ya chini, uso mzito. Nilisema tu ni ya chumba cha Mama Angeline. Hakuna aliyeuliza zaidi. Jirani yetu Marcienne alinishika mkono muda mrefu, akauliza ilianza lini. Nikasema Jumatatu, lakini mimi nilikuwa nimeiona inakuja, na mwanadamu anafanya anachoweza. Akalia. Sikujua kama anapenda muziki hivyo.

Kesho nitapima sauti ya chumba, basi niliomba pia redio zote zizimwe. Wakakubali papo hapo! Mmoja akaniletea kuni. Sijui za nini, lakini nimepokea.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Tangu asubuhi watu wanaingia. Akina mama na masufuria. Moto umewashwa kiwanjani. Kwaya nzima ikaja, ikakaa chini, juu ya magodoro niliyokuwa sijamaliza kuegemeza ukutani. Nikafikiri ni mazoezi. Mzee Elisée akanishika mabega, akasema Mama Angeline alikuwa nguzo ya nyumba hii.

Alikuwa?

Hapo nikayatazama magodoro upya. Kwetu fasi yoyote, popote pale, magodoro yakihamia nyumba moja, ni kilio. Waombolezaji wanalala hapo pamoja mpaka matanga yaishe. Nami nimebeba magodoro ya kijiji kizima mchana kweupe! Walimpigia Sidonie wahakikishe, simu yake haipatikani. Bila shaka haipatikani. Chaja yake ninayo mimi.

Nilifungua mdomo niseme kweli. Wakati huohuo kwaya ikaanza kuimba.

Ee Mungu wangu! Sauti gani ile! Mwangwi hakuna, magodoro na watu wameumeza wote. Nyuki hakuna. Hata P zimelainika kwa huzuni. Nikafunga mdomo, nikawasha simu. Ukweli hauozi, utasubiri beti chache. Ili wasipunguze nguvu, nililia kidogo. Kisha nililia kweli, kwa furaha ya sauti zile nzito za wanaume.

Walipofika mwisho kabisa, mlango ukafunguka. Mama Angeline, na miwani mipya, Sidonie nyuma yake na mkate wa Mbarara. Marcienne alianguka juu ya godoro lake mwenyewe. Mama mkwe akatazama masufuria, magodoro, uso mmoja baada ya mwingine.

"Modeste," akasema, "ni nani alikufa mu nyumba yangu?"

Mimi nilikuwa naangalia kama simu bado inarekodi. Ilikuwa inarekodi.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Kwaya imekwenda kwa Anatole. Sidonie pia. Mzee Elisée amekiri kwamba hajawahi kusikia sauti safi namna ile, lakini wimbo haupigwi kanisani, kwa sababu mwishoni marehemu anauliza swali. Nimejaribu kumkata kwenye rekodi. Amelala juu ya noti ya mwisho, haondoki. Mama Angeline mwenyewe hana kinyongo. Alikula chakula cha matanga yake, akasema wali haukuiva, na kila siku anataka asikilizishwe tena nani alilia sana.

Sidonie hakunigombeza. Hilo ndilo baya. Alichukua chaja yake, akasema polepole: "Niliona watu mingi mu kiwanja, na mama niko naye. Nikajua ni weye." Kisha akaenda kuimba.

Nilikaa peke yangu mu chumba kile, kuta tupu tena, nikawaza sana juu ya kosa langu. Na nimeliona.

Nilichagua maiti anayekaa karibu.

Mjomba Aloys yuko mbali, Kaberebere, hapendi safari, simu hana. Kesho naenda kwenye vijiji vya ng'ambo ya ziwa, ambako hawanijui, kuomba magodoro.