Kutu ya Gari la Umeme

Kitendawili! Mgonjwa wangu haponi mpaka akanyagwe. Umeshindwa? Basi nipe mji, nikufungulie: ni breki ya gari la umeme. Gari hilo hupunguza mwendo kwa mota yake, breki zinakaa bure, na chuma kikikaa bure hushika kutu. Ikanyage breki mara nne tano kwa nguvu, kutu yote inafutika. Dawa ndiyo hiyo, na haiuzwi dukani.

Fundi mmoja aliyejiita Daktari Spana aliijua siri hiyo, na kwa sababu aliijua hakumwambia mtu. Asubuhi moja alikuwa anapita mjini na pikapu yake kuukuu, uso umekunjamana kama shati lisilopigwa pasi. Mama mkwe wake alitaka kupelekwa harusini saa kumi jioni kwa gari la heshima. "Ukija na hilo banda la kuku," alimwambia, "binti yangu harudi kwako."

Mara akaona gari la umeme kando ya duka la ushonaji, jeupe pepepe. Akainama kuchungulia gurudumu. Diski za breki zilikuwa na kutu nene, nyekundu kama matofali. Moyo wa Daktari ukacheza ngoma.

"Maskini!" akalia kwa sauti. "Limeshaambukizwa!"

Mshonaji, bibi wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni, akatoka mbio. "Limeambukizwa nini tena, mwanangu?"

"Kutu ya umeme, mama. Inaanzia kwenye breki, inapanda kwenye nyaya, inakula betri. Ikimaliza betri inamgeukia dereva. Umekuwa unasikia kiungulia?"

"Jana tu!"

"Umeona?"

Bibi akashika kichwa. "Na watoto wangu wananipenda jamani! Sasa nifanyeje?"

Daktari akashusha pumzi ya mtu anayejitoa mhanga. "Mimi nina chanjo. Nitalichukua mimi gari hili bovu. Wewe chukua pikapu yangu, nzima, na vifaa vyangu vyote vimo ndani. Tubadilishane."

"Bila mimi kukuongezea kitu?"

"Mama, maisha yako hayana bei."

Bibi akafuta chozi, na kabla chozi halijakauka alikuwa ameshaleta kalamu, karatasi na mashahidi wawili. Daktari akakagua kioo kidogo cha mbele ya usukani kinachoonyesha chaji: betri imejaa, mia kwa mia. Wakatia saini. Hata bibi akambariki.

Akatoka barabarani. Akakanyaga breki mara ya kwanza, krrr. Ya pili, krr. Ya tano ikawa kimya kama msikiti saa nne. Akashuka kutazama: diski zinang'aa kama sahani. Akacheka mpaka akashika mlango.

Akaendelea. Betri ikasoma sitini. Akafikicha macho: ishirini na tano. Kufika njia panda, nne. Halafu gari likazima.

Hapo ndipo elimu yake ilipomrudia, imechelewa. Kutu ya mvua ya jana huwa nyembamba kama unga. Ile nene kama matofali ni ya gari lililolala miezi. Na gari la umeme halilali miezi kwa kupenda. Hulala kwa sababu betri imekufa, huonyesha imejaa na haifiki sokoni. Daktari mzima alimpima mgonjwa, asiulize amelazwa tangu lini!

Pikapu yake ikapita, inanguruma. Bibi akachungulia dirishani. "Mwanangu, kiungulia kimepona!" Akapotea na spana zote.

Saa kumi kasoro simu ikalia. Mama mkwe.

"Uko wapi?"

"Niko njiani, mama. Na gari jipya kabisa!"

"Mbona silisikii?"

Daktari alikuwa nyuma ya gari, ameinama, analisukuma kwa bega. Jasho likamdondoka kwenye simu.

"Ndio uzuri wake, mama," akahema. "Halina kelele hata kidogo."