Malalamiko Kuhusu Filamu Iliyomfundisha Mkaguzi wa Vitasa Kusoma Daftari

Ofisi ya Utumishi,
Kiwanda cha Vitasa na Kufuli.

Kwako Ndugu Mtengeneza Filamu,

YAH: KUOMBA FILAMU YAKO IPIGWE UPYA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba usingizi unaupata, maana sisi hapa kiwandani hatujaupata tangu tuitazame filamu yako.

Nianze kwa kukiri kosa letu. Kila baada ya miezi sita tunawakusanya wafanyakazi kwenye bwalo la chakula tuwape mafunzo, na safari hii kazi ya kutafuta filamu nilipewa mimi. Kwenye jalada la filamu yako nikaona bwana na bibi waliovaa suti, na katikati yao mlango wa kioo wenye kitasa cha kupendeza. Nikajua hii ni filamu ya vitasa. Nikaichukua bila kuitazama.

Kumbe ni ya mhandisi mmoja, mwanamume mzima na ndevu zake, ambaye bosi wake wa kike anamwita ofisini, anafunga mlango kwa kadi, kisha anamshika pasipohusiana na kazi. Mhandisi anakataa. Kesho yake bosi anamshtaki yeye kwamba ndiye aliyeshika. Saa moja na nusu bwana wa watu anahangaika kwenye korido, mpaka anapata kumbukumbu za mlango zinazoonyesha ni kadi ya nani iliyofunga, saa ngapi, na kwa dakika ngapi. Wafanyakazi mia moja na kumi waliacha kutafuna.

Kwa heshima na taadhima, malalamiko yangu ni haya:

1. Filamu yako haina ukweli. Mwanamume hadhalilishwi. Akishikwa na bosi wake, hiyo ni bahati imemshukia, na wajibu wake ni kushukuru na kunyamaza, hasa kunyamaza. Dereva wetu alilieleza vizuri taa zilipowashwa: "Mimi angenifungia hivyo, ufunguo ningeumeza." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote, hadi Madamu, yaani Mkurugenzi wetu, akageuka kunitazama.

2. Ambaye hakucheka ni mmoja tu, Mkaguzi wa Vitasa. Labda nikueleze kazi yake. Hapa kwetu kitasa kipya hakiendi sokoni kabla hakijajaribiwa kwenye mlango wa Mkurugenzi. Mkaguzi anaingia, mlango unafungwa, ufunguo anakaa nao Madamu, na Mkaguzi anasikiliza kama kitasa kinakwama. Kisha anaandika kwenye daftari la majaribio: saa ya kufunga, saa ya kufungua, na nani alikuwa na ufunguo. Jaribio moja ni dakika nne. Bwana huyu ana mke na watoto pacha, na hana ila yoyote isipokuwa kwamba ni mwaminifu katika kuandika saa.

3. Asubuhi iliyofuata akanijia na daftari kwapani. Akalifungua mezani kwangu. Dakika arobaini na moja. Dakika thelathini na nane. Dakika hamsini, na siku hiyo walikuwa wanajaribu kufuli ya baiskeli, ambayo haihitaji mlango wa mtu kufungwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, nimechoka. Nimemwambia sitaki, mara tatu. Na nikimwambia mke wangu ataniuliza dakika zote hizo nilikuwa nafanya nini humo ndani." Ndugu yangu, daftari hilo limekaa kabatini miaka sita bila kumdhuru mtu. Wewe ndiye uliyemfundisha kulisoma.

4. Nilimpa ushauri wa kitaalamu. Nilimwambia avae mashati mapana. Nilimwambia apunguze kutabasamu, na ikishindikana aongeze. Nilimwambia aingie na bisibisi mkononi aonekane ana shughuli. Nikamwambia Madamu ni mtu wa watu, mkono wake ni mwepesi kwa kila mtu, na kwamba mtu akiikazia macho kalenda yenye picha ya maporomoko ya maji na kuhesabu polepole mpaka mia tatu, muda unapita. Akaniuliza nimejuaje habari za kalenda hiyo, kwa kuwa imetundikwa nyuma ya mlango na haionekani mpaka mlango ufungwe. Nikamwambia arudi kazini.

5. Hakurudi kazini. Alichukua fomu ya malalamiko. Fomu yetu ni nzuri sana: haipokelewi bila sahihi ya mkuu wa idara wa anayelalamika, na mkuu wa idara ya ukaguzi ni Madamu mwenyewe. Kwa utaratibu huu hatujapata lalamiko hata moja tangu Madamu ashike ofisi. Mtu mwenye adabu akifika kwenye nafasi ya sahihi huikunja fomu na kuitia mfukoni. Huyu akampelekea. Madamu hakusaini. Akaandika fomu yake mwenyewe, kwamba Mkaguzi ndiye aliyekuwa akimfungia na kumshikashika, na hiyo haikuhitaji sahihi ya mtu mwingine. Kwa hiyo sasa mshtakiwa ni Mkaguzi. Kikao ni Ijumaa saa nne asubuhi, mwenyekiti ni mimi. Akipatikana na hatia atafukuzwa, na barua ya kufukuzwa itaeleza sababu. Baada ya hapo sijui ni nani atakayemruhusu kusogelea mlango wake, na pia sijui mkewe atamwamini nani.

6. Yule Afisa Utumishi wa kwenye filamu yako. Anatokea mara moja tu, anafuta miwani, anasema hakuona kitu, anaondoka. Bwalo zima lilinigeukia. Nami wakati huo nilikuwa nafuta miwani. Huu ni uchokozi.

7. Sasa watu wanakula milango ikiwa wazi, na vumbi linaingia.

Kwa kuzingatia hayo, naomba filamu ipigwe upya. Mhandisi amshukuru bosi wake mbele ya wafanyakazi wote. Ikiwa hilo ni gumu, basi mlango uwe wa pazia, pasiwe na kumbukumbu za dakika. Ikiwa hilo nalo ni gumu, mhandisi awe mwanamke, ili wanaume wetu waitazame kwa huruma kisha waendelee na chakula. Na Afisa Utumishi apewe tai nzuri zaidi na mahali pa kukaa.

Nisalimie waigizaji wote, mpiga picha, mshika taa, na aliyechagua kile kitasa cha kwenye jalada, maana kusema kweli ni kitasa bora. Mhandisi mpe pole, nje ya filamu. Huku sote hatujambo isipokuwa Mkaguzi.

Ni mimi nilindaye maadili ya kazi,
Afisa Utumishi.

N.B. Hapo juu niliandika Jumatano. Leo ni Alhamisi. Madamu ameagiza nimpelekee daftari la majaribio kabla ya kikao, akasema "likapumzike". Nimelitoa kabatini. Kabla ya kulitia kwenye bahasha nikafungua ukurasa wa kwanza, nihakikishe ndilo lenyewe.

Kurasa sitini za mwanzo si mwandiko wa Mkaguzi. Ni za mkaguzi aliyemtangulia, ambaye baada ya miaka minne alipandishwa cheo akawa Afisa Utumishi. Dakika thelathini na tano. Dakika arobaini na nne. Kufuli ya baiskeli, saa nzima. Enzi hizo nilikuwa na mwandiko mzuri. Niliona aibu, nikanyamaza, na aliponipa cheo niliona aibu zaidi. Hakuna aliyeniletea filamu.

Tafadhali futa malalamiko yangu, la kwanza hadi la mwisho. Namba saba tu iache, vumbi lipo kweli. Filamu usiiguse, ila yule mfuta miwani, ukipata nafasi, mrudishe aingie chumbani mara ya pili.

Daftari ninalo mimi, na kesho saa nne nitakaa nalo upande wa Mkaguzi. Bahasha ya Madamu nimeshaipeleka. Ndani nimeweka fomu ya malalamiko, nimeijaza kwa jina langu na tarehe za miaka minne, na nafasi ya sahihi ya mkuu wa idara nimeiacha wazi kwa ajili yake.