Dakika Moja ya Ukimya kwa Nyumba Tisa

Leo nimejidhalilisha mbele ya profesa wangu, na sina wa kumsingizia.

Kwa wasionifahamu: ninasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu makazi ya pamoja, msongamano wa nyumba na maeneo ya wazi katika bonde la Kilombero enzi za utawala wa Wajerumani. Kwa miezi miwili nimepima shamba moja upande wa Lupiro. Lina mabaka tisa ya mstatili, yamebanana, udongo wake umeungua hadi kuwa mwekundu. Katikati pana eneo tupu lililodidimia, kana kwamba limekanyagwa na miguu mingi. Hitimisho lilijileta lenyewe: nyumba tisa za familia zilizoishi kwa kukaribiana, uwanja wao wa kukutania, na moto wa wanajeshi wa Kijerumani wakati wa Maji Maji. (Nililia kidogo nilipolifikia. Ninalitaja kwa ajili ya ukamilifu.)

Saa mbili asubuhi nilimtumia mhariri wa jarida idhini ya mwisho ya makala yangu ya kwanza. Saa nne profesa akawasili kukagua kazi. Tukaenda shambani pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na majirani kumi hivi waliokuja kututazama.

Nilieleza kwa nusu saa. Profesa akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza! Badala yake nikaomba tusimame kimya dakika moja, tuwakumbuke waliopoteza makazi yao.

Kofia zikavuliwa. Profesa akafumba macho. Bibi Felista, mwenye shamba, akatokea na jembe begani. Alipotuona akalitua, akajifunika kanga kichwani, akasimama nasi. Sekunde arobaini zikapita. (Nilikuwa nazihesabu.) Kisha akamnong'oneza jirani yake, kwa sauti iliyotufikia wote:

"Nani kafa?"

Nikajibu kwa upole: "Shikamoo, bibi. Tunawakumbuka watu waliochomewa nyumba hapa na Wajerumani."

"Marahaba. Hapa wapi?"

"Hapa hapa. Tazama udongo ulivyoungua."

Akautazama udongo, akanitazama mimi. "Mjukuu wangu, hayo ni matanuri. Mimi na marehemu babu yako tulichoma matofali hapa mpaka mgongo ukapinda. Hapo katikati tulikuwa tunakanyaga udongo."

Hapo katikati ndipo palipokuwa uwanja wangu wa kukutania. (Kuhusu miguu, angalau, nilikuwa sahihi.)

Jirani mmoja akaanza kucheka, akajifanya anakohoa.

"Mbona hukuniambia siku zote hizi, bibi?"

"Nikuambie nini? Unapita na kamba, unapima, unaandika. Nikajua wewe mtu wa ardhi, umekuja kukata viwanja. Nilikuwa nakuombea uondoke!"

Nikamgeukia mwenyekiti kutafuta msaada.

"Hata mimi nilijua ni matanuri," akasema, akivaa kofia yake. "Ila ulivyoongea kwa uhakika, nikasema labda msomi kaona kitu."

Profesa akafumbua macho. "Mahojiano na mwenye shamba yanasemaje?"

Nikaeleza kwamba mahojiano yamepangwa awamu ya pili. Nilijizuia makusudi kuuliza lolote, ili maelezo ya wenyeji yasiathiri vipimo vyangu. Hayakuviathiri hata kidogo.

Bibi akaokota jembe. "Basi kama hakuna aliyekufa, nipisheni nilime."

Alasiri nikamwomba mhariri aiondoe makala. Fomu inadai sababu. Nikaandika: "Dosari ya kimbinu iliyobainika katika hatua ya uhakiki wa uwandani." Profesa, aliyekuwa ameketi kando yangu, akaivuta kompyuta, akafuta sentensi yote, akaandika neno moja: "Hakuuliza." Akatuma.

Mnaotaka kucheka, naomba msubiri niondoke Lupiro. Kwa sasa wanaocheka huku wanatosha.